Kutazama na Kutazamia: Kilima Kidogo Katika Mila Mbalimbali

Kutoka Lushoto mjini hadi Irente ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, kwa mtu asiye na haraka. Barabara ya vumbi inapita Yoghoi, inapanda taratibu kati ya mahindi, maharage, migomba na miti ya matunda ya baridi iliyoletwa na wageni ikaukubali udongo wa Usambara. Hakuna pa kushika kamba wala pa kutambaa. Wanawake wenye vikapu vya pea kichwani wanashuka kwenda sokoni, mnaamkiana, mnapishana. Halafu ghafla ardhi inakwisha. Mbele yako pana jiwe, na baada ya jiwe hakuna kitu. Milima imekatika wima, na karibu mita 1,000 chini imelala nyika: Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyonyooka mistari, barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, kisha mbuga isiyo na mwisho, rangi yake ya majani makavu ikififia hadi kushikana na mbingu.

Siku niliyofika, juu ya jiwe alikuwa amekaa mzee, fimbo yake magotini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu ukae." Akanisogezea nafasi kana kwamba jiwe lile ni mkeka wa barazani kwake.

Tulikaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza, "Unatazama nini?"

"Natazama tu, babu."

"Tu?"

Akanyoosha fimbo kuelekea chini. Alikuwa na kishamba cha mahindi kule nyikani, na vuli ilikuwa imechelewa. "Mie naangalia kama mvua imeshuka kule. Nikiiona leo, kesho nateremka na jembe."

Ile "tu" yangu aliyonirudishia ndiyo iliyozaa makala haya. Sisi wawili tulikalia jiwe moja na kuelekea upande mmoja, lakini hatukuwa tukifanya kazi moja. Nimejiuliza tangu hapo: watu wa nchi na zama mbalimbali waliopanda mahali palipoinuka, walipofika juu walitafuta nini?

Lugha yetu inatupa pa kuanzia. Kuona si tendo la kukusudia. Kitu kinaweza kuonekana hata na asiyekitaka. Kutazama ni kuligeuza jicho kwa hiari. Kuangalia kuna ulinzi ndani yake: mtoto huangaliwa, mgonjwa huangaliwa, shamba huangaliwa. Kisha kipachike kitenzi kutazama kiambishi kimoja kidogo cha kutendea, upate kutazamia, nalo ni neno jingine kabisa. Anayetazamia anatarajia, ana jambo lake upeoni ambalo bado halijafika. Mimi nilikuwa nikitazama. Mzee alikuwa akitazamia.

Wala haja ile haikuanza kwake. Wasambaa tangu zamani hutofautisha Shambaai, nchi ya juu yenye baridi, migomba na mvua, na nyika, nchi ya chini yenye joto, ukame na maradhi, lakini yenye rutuba pale mvua inapokubali. Vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa milima ili mtu alale juu penye usalama na alime pande zote mbili. Mwanahistoria Steven Feierman ameueleza mpango huo katika utafiti wake juu ya ufalme wa Wasambaa. Kabla yake, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, katika Habari za Wakilindi, aliandika kwa Kiswahili jinsi Mbegha mwindaji alivyopokewa katika milima hiyo na kizazi chake kutawala kutoka Vuga. Mamlaka ya watawala hao yalipimwa kwa mvua: mfalme aliweza kuiponya nchi au kuiharibu. Kwa hiyo kusimama ukingoni na kuisoma mbingu ya nyika ilikuwa sehemu ya kuishi. Mandhari pana ilikuwa habari za chakula cha mwaka ujao.

Tuweke pembeni ya mzee huyu mpandaji anayetajwa kuliko wote katika fasihi ya Ulaya. Kwa maelezo yake mwenyewe, tarehe 26 Aprili 1336 mshairi Francesco Petrarca, Mwitalia, alipanda Mont Ventoux kusini mwa Ufaransa pamoja na mdogo wake Gherardo. Ventoux si kilima. Una zaidi ya mita 1,900. Ninamleta kwa sababu ya lile analolikiri mwanzoni mwa barua yake: hakuwa na haja nyingine ila hamu ya kuona urefu wa mahali pale. Yeye naye alikuwa akitazama tu.

Katika barua hiyo naye anakutana na mzee. Ni mchungaji wa mifugo, anayewaambia ndugu hao wasijisumbue: yeye alipanda miaka hamsini kabla, akarudi na majuto na nguo zilizochanika. Hawakumsikiliza. Gherardo akashika njia ya mkato iliyosimama, Petrarca akatafuta njia laini, na kila mara njia laini zilimshusha bondeni akalazimika kuanza upya. Alipofika kileleni aliiona milima ya Alps, bahari ya upande wa Marseille na mto Rhône. Ndipo akafungua kitabu alichokuwa nacho, Maungamo ya Agostino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa Thagaste katika Algeria ya leo. Jicho lake likaangukia mahali panapowalaumu watu waendao kustaajabia vilele na mawimbi huku wakijisahau wenyewe. Petrarca akafunga kitabu kwa hasira juu ya nafsi yake, na akashuka bila kusema neno.

Wataalamu wengi wanaona kwamba barua hiyo iliandikwa miaka mingi baada ya tarehe inayobeba, huenda karibu 1353, na kwamba kila kona ya njia ile imepangwa iwe fumbo la roho. Kwangu hilo linaongeza uzito wake. Mtu aliyeketi mezani akaitunga upya safari yake aliona kwamba kutazama bila haja kunahitaji kutubiwa. Akaipata haja yake ndani, katika nafsi, na dunia yote iliyotandazwa chini yake ikageuka kuwa kishawishi. Mchungaji, ambaye bila shaka angeweza kumwonyesha wapi pana malisho na wapi mvua huanzia, aliachwa nyuma akilinda nguo zao za ziada. Ninaposoma barua hiyo humsikitikia mchungaji huyo, kwa kuwa Petrarca hakumuuliza yeye huwa anatazama nini.

Sasa tugeukie vilima viwili ambavyo msomaji Mwislamu wa pwani, wa Kigoma, wa Bujumbura au wa Maskati hahitaji kuelekezwa. Safa na Marwa ni vidogo mno. Umaarufu wake hautokani na urefu, bali na mama aliyevipanda. Bi Hajar aliachwa pamoja na mwanawe Ismail katika bonde lisilo na mmea, maji yakamwishia, mtoto akawa anagaagaa kwa kiu. Akapanda Safa, kilima kilichokuwa karibu naye, akatazama kama ataona mtu. Hakuona. Akashuka, akakimbia bondeni, akapanda Marwa, akatazama tena. Mara saba.

Katika masimulizi yote ya binadamu aliyepanda ili aone mbali, sijui lenye haja nzito kuliko hili. Bi Hajar hakujali mandhari ni nzuri kiasi gani. Jicho lake lilitafuta vumbi la msafara au ndege wanaozunguka penye maji. Hata hivyo jibu halikuja kutoka upeoni. Maji ya Zamzam yalibubujika chini, pale alipomlaza mtoto, mahali alipokuwa ametoka. Msafara ulifika baadaye, watu wa Jurhum, nao waliongozwa na ndege waliyemwona akizunguka juu ya maji hayo. Kilima kilikuwa mahali pa kufanyia juhudi; rehema ilishukia bondeni.

Na tazama jinsi ibada ya sa'yi ilivyolihifadhi tukio hilo. Hakuna anayeshindana kufika juu. Mtu anakwenda na kurudi, anapanda kidogo na kushuka, pamoja na maelfu ya wengine. Leo vilima hivyo viko ndani ya Msikiti Mtakatifu wa Makka, sakafu yake imesawazishwa kwa marumaru, na katikati ya njia pametengwa ujia wa viti vya magurudumu ili bibi asiyeweza kutembea apite alipopita Bi Hajar. Masahaba wa Mtume nao wamesimulia kwamba safarini, walipokuwa wakipanda walileta takbiri, na walipokuwa wakishuka walileta tasbihi. Adabu hiyo inakupa moyo. Anayepanda anakumbushwa kwamba yuko Aliye mkubwa kuliko kimo chochote, na anayeshuka naye ana neno lake la kusema. Petrarca alishuka kimya. Katika adabu hii kushuka ni nusu ya ibada.

China ina siku nzima ya kupanda. Ni siku ya 9 ya mwezi wa 9 katika kalenda ya mwezi, sikukuu ya Chongyang. Desturi ni familia kupanda mahali pa juu, kuvaa vijitawi vya mti wenye harufu kali uitwao zhuyu na kunywa pombe ya maua. Hadithi ya zamani inasema mwanafunzi mmoja alionywa na mwalimu wake kwamba siku hiyo balaa litaingia nyumbani kwake, basi awapandishe watu wake wote kilimani. Waliporudi jioni walikuta kuku, mbwa na mifugo wamekufa badala yao. Kilima hapo ni kimbilio, na hesabu yake ni ya familia: hakuna maana kupanda ukiwa umemwacha mtu nyumbani.

Ndiyo maana mshairi Wang Wei, aliyeishi katika karne ya 8, aliandika shairi lake maarufu la siku hiyo akiwa kijana wa miaka 17, mbali na kwao. Halisimulii mandhari aliyoiona. Anawawaza ndugu zake wakipanda kilima cha nyumbani na kugundua kwamba safari hii hesabu yao imepungua mmoja. Ameona mbali kuliko Petrarca bila hata kuinua mguu, kwa sababu alijua anamtafuta nani. Na kwa wale wasio na kilima, Wachina walipata njia: keki ya sikukuu huitwa gao, neno linalotamkwa sawa na neno la "juu". Anayeishi tambarare hula keki, akawa amepanda. Tangu sheria iliyorekebishwa 2012, siku hiyo imekuwa rasmi siku ya wazee, watu ambao magoti yao ndiyo ya kwanza kukataa mlima.

Wajapani walikwenda mbali zaidi: walipokosa mlima unaofikika waliujenga. Fuji, wenye mita 3,776, ulikuwa mlima wa ibada, lakini safari yake ilikuwa ndefu na ya gharama, na wanawake walikatazwa kufika kileleni hadi 1872. Mwishoni mwa karne ya 18, waumini wa jumuiya za Fuji katika jiji la Edo, ndiyo Tokyo ya leo, walianza kurundika vilima vidogo katika viwanja vya mahekalu na kuvivika mawe ya volkano yaliyotoka Fuji wenyewe. Viliitwa fujizuka. Kilichoko katika hekalu la Hatonomori Hachiman, mtaa wa Sendagaya, ni cha 1789 na bado kinapandwa. Wanawake, watoto, wazee na wagonjwa walipanda kwa dakika chache, wakipita vituo vilivyoiga vya mlima mkubwa, wakaamini kwamba thawabu yao haikupungukiwa. Mara nyingi huwaza juu ya wafanyakazi na wafanyabiashara wale wa mjini wakibeba mawe. Mlima ulikuwa umefungwa kwa mama zao. Wao wakaubeba kidogo kidogo hadi mlangoni.

Tukirudi Ulaya, tutakuta kwamba Petrarca si Ulaya nzima. Mwaka 1930 kijana wa miaka 23, Alfred Wainwright, karani kutoka Blackburn, mji wa viwanda vya pamba wenye mabomba ya moshi, alitumia likizo aliyoidunduliza kwenda Windermere kaskazini ya Uingereza pamoja na binamu yake. Wakapanda Orrest Head, kilima kisichofika hata mita 250, mwendo wa nusu saa hivi kutoka stesheni ya reli. Juu yake aliona ziwa, misitu na safu za milima zilizopangana, na maisha yake yakageuka. Miaka 11 baadaye alihamia Kendal, jirani na milima hiyo, na kati ya 1955 na 1966 akatoa vitabu saba vya mwongozo, alivyoviandika na kuvichora vyote kwa mkono, kuhusu vilele 214. Mwaka 1974 akaongeza kingine juu ya vilima vya pembezoni, akiwafikiria watembeaji waliozeeka wasioweza tena milima mirefu. Orrest Head kimo humo. Kilima kilichompokea kijana maskini kikapewa wazee.

Wainwright alikuwa na haja gani siku ile? Hakutafuta maji wala ndugu aliyepotea. Alitazamia maisha mengine, naye hakujua kama yapo hadi alipoyaona. Na watu wa miji ya viwanda waliishiriki haja hiyo kwa wingi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wafanyakazi, wakiongozwa na Benny Rothman, walipanda Kinder Scout, nyanda ya juu ambayo wenye ardhi waliifunga kwa ajili ya uwindaji wa ndege. Watano walifungwa jela. Sheria ya mbuga za taifa na ya kuingia mashambani ikapitishwa 1949, na tukio lile linakumbukwa miongoni mwa mambo yaliyoifungulia njia.

Kwetu kuna mila nyingine ya mwinuko, ambayo mtu anaweza kuipita asiione kwa kuwa haina mpandaji. Wakikuyu waliomba wakiielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, mikono imeinuliwa, mara nyingi chini ya mti wa mugumo, kwa kuwa huko juu ndiko Ngai, Mungu wao, alikotua. Jomo Kenyatta alipokiita kitabu chake cha 1938 kwa jina la kuuelekea mlima huo, kitendo alichokichagua ni kuelekea, kupanda hakumo. Na Julius Nyerere, akizungumza katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959, alisema watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, uangaze nje ya mipaka na kuwapa tumaini wasio nalo. Usiku wa uhuru, Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliufikisha kileleni. Mwenge ule haukuwekwa juu ili aliyeko juu aone mbali. Uliwekwa ili walioko chini, mbali, wawe na cha kutazamia.

Nikizipanga mila hizi upande kwa upande, naona kipimo cha mita hakinisaidii kitu. Kinachozitenganisha ni haja. Petrarca alipanda bila haja, akaipata ndani yake na kuiona aibu. Bi Hajar alipanda na haja ya uhai, akajibiwa chini ya kilima. Familia ya Kichina hupanda ili ihesabiane. Waumini wa Edo walirundika mawe kwa haja ya wale waliofungiwa nje. Wainwright alipanda na haja asiyoijua jina. Mzee wa Irente haja yake ni mvua.

Cha pili ninachokiona ni kwamba haja hizi, ukiondoa ile ya Petrarca, zinawezekana kwa sababu kilima ni kidogo na kiko wazi. Bi Hajar asingeweza kupanda Ventoux mara saba. Mzee asingeweza kupanda Kilimanjaro kila baada ya siku mbili kuchungulia shamba. Lugha yetu huliunda neno kilima kwa kuupunguza mlima, na katika kupunguzwa huko ndimo mlimo na nafasi ya bibi, ya mtoto, ya mtu wa magongo, ya kibarua mwenye mchana mmoja wa mapumziko. Tunawafundisha watoto wetu urefu wa Kilimanjaro, mita 5,895, na ni haki kuujua. Lakini wengi wao hawatafika pale, na kila mmoja ana kilima karibu na kwao. Njia ya kwenda juu yake inapozibwa kwa uzio au kumegwa kwa machimbo, tunachopoteza ni mahali ambapo mtu wa kawaida angeweza kusimama na kuyatazamia mambo yake.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika katika kuwaza kwangu, nikiwa nimeridhika kwamba mzee ni mtu wa kutazamia na mimi ni mtu wa kutazama tu. Lakini sijamaliza kusimulia siku ile.

Nilimuuliza, "Na leo, babu, mvua ipo?"

"Leo haipo. Niliona tangu asubuhi, nilipofika."

Jua lilikuwa limeshapinda kuelekea magharibi. Alikuwa amekaa pale saa nyingi baada ya kupata jibu lake. Kivuli cha milima kilianza kutambaa juu ya mkonge, na kule mbali sana gari moja lilikuwa likitimua vumbi kwenye njia ya ng'ombe, dogo kama punje. Mzee aliifuata punje hiyo kwa macho mpaka ikapotea. Hakuinuka. Alivuta koti lake dhidi ya upepo, akanitazama, akacheka kidogo.

"Pazuri hapa," akasema. "Au siyo?"

Nikamwambia ni pazuri. Tukakaa hadi baridi ilipotuinua, kisha tukashuka pamoja mpaka Yoghoi, yeye akipiga fimbo mbele ya kila hatua, akinieleza ni mbegu ipi anayoiweka tayari.